Kamera ya Begani

Jumamosi, 7 Aprili 2001

Leo nimeteuliwa. Baada ya chai ya asubuhi mke wangu, Nafuna, amenipa jukumu la kununua kamera ya video ya familia. Hakutumia neno "kuteua". Alisema yeye anasahihisha mitihani wiki nzima na hakuna mtu mwingine wa kutuma. Mimi naita huo uteuzi.

Sababu ni Mzee. Baba yangu, Mzee Oduor, anakuja Jumatano kutoka Kisumu kula Pasaka nasi hapa Luzira. Tarehe ishirini na tatu anapasuliwa koo. Daktari amemwambia waziwazi: uvimbe utatoka, ila sauti nayo huenda ikaondoka nao. Nafuna anataka tuihifadhi sauti hiyo kabla ya siku yenyewe. Binti yetu Moreen ana miaka minane na amekutana na babu yake mara tatu tu. Nafuna alisema picha za Mzee tunazo, kofia yake tunayo, lakini sauti haitundikwi ukutani.

Ameshachagua kamera. Ipo dukani Ntinda, karibu na shule anakofundisha. Inaenea kiganjani, ina kioo cha pembeni kinachofunguka kama kitabu, na hata Moreen anaweza kuiwasha. Kamera ya kuwashwa na mtoto! Nilitikisa kichwa kimoyomoyo. Kwa mdomo nilisema sawa.

Mpango wangu (siri): ninunue kamera ya begani, kubwa, kama za watu wa televisheni. Jumapili hadi Ijumaa ni ya familia. Jumamosi ni ya harusi. Jirani yetu Valère Mushagalusa, mtu wa Bukavu, hurekodi harusi kila Jumamosi, na mkewe Blandine sasa ana friji la milango miwili. Mimi ni karani wa ghala bandarini Port Bell. Nahesabu magunia. Nani aliwahi kufika kwenye milango miwili kwa kuhesabu magunia?

Jumatatu, 9 Aprili

Nimempeleleza adui. Nilikwenda kwa Valère kuazima nyundo nisiyoihitaji. Alikuwa uani anafuta vumbi kwenye kaseti zake. Nikaelekeza mazungumzo kwenye kamera, kana kwamba ni bahati tu.

Alimwaga siri zote bila kuombwa. Hilo peke yake lilinitia shaka. Alisema kamera ya nyumbani hupimwa kwa mkono: ishike kwa mkono mmoja huku umebeba mtoto kwa mwingine, na mkono ukilalamika kabla ya dakika tano, usiinunue. Alisema ile mitambo ya kuvuta vitu vya mbali karibu haina maana nyumbani, kwa sababu mtoto wako unaweza kumsogelea kwa miguu. Na juu ya yote, alisema, vaa visikilizio usikie sauti kabla hujalipa.

"Papa Moreen," aliniambia, "kamera mubaya si ile yenye kuonyesha picha mubaya. Kamera mubaya ni ile yenye inabakia mu kabati."

Kisha akajitolea kuniazima ile yake ndogo kwa siku zote za Pasaka, maana wiki hii hakuna anayeoa. Nilikataa kwa adabu. Picha yote nimeiona. Mtu anayeogopa mshindani humshauri anunue vitu vidogo. Nitafanya kinyume cha kila alichosema.

Nyundo nimeisahau kwake.

Jumanne, 10 Aprili

Kisenyi, saa nane mchana. Duka la bwana mmoja aitwaye Wanyama limebanwa kati ya gereji na ghala la mchele. Anauza redio, televisheni na mitambo iliyokwisha kutumika Dubai. Niliiona kabla sijavuka mlango. Ilikuwa kwenye rafu ya juu, nyeusi, yenye kishikio kama cha jeneza.

Wanyama ana ukweli unaochosha. Alisema betri yake imekufa na haizidi dakika nne, kwa hiyo itabidi nichomeke ukutani au kwenye betri ya gari. Alisema imepita mikono mitatu. Alisema sifa yake moja ni kwamba inatumia kaseti kubwa za kawaida, unaitoa kwenye kamera na kuitia moja kwa moja kwenye deki ya nyumbani. Akaleta visikilizio akitaka nisikilize. Nikakumbuka Valère. Nikavikataa.

Niliipandisha begani. Ina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza aliyegoma kutembea. Lakini mwanamke mmoja aliyekuja kununua mchele aliniona, akarekebisha kitambaa chake kichwani na kunipisha. Katika miaka thelathini na mitano ya maisha yangu sijawahi kupishwa.

Wanyama aliuliza ni ya kazi gani. Nikamwambia ya familia. Akauliza familia ina watu wangapi. Nikamwambia watatu. Akaanza kuifungia kamba.

Nyumbani Nafuna aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama ndani yake mna ile ndogo.

Nilimweleza habari za ubora. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye mitihani yake. Nilimwona akimpa mtoto wa mtu sifuri kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Jumatano, 11 Aprili

Mzee amefika kwa basi la asubuhi. Amekonda. Sauti yake sasa ni msumeno kwenye ubao mbichi, lakini anaongea kuliko sisi sote. Kwa sababu mimi ni Mjaluo na Nafuna ni Msamia, nyumba yetu ni ya Kiswahili, na Mzee anacho Kiswahili chake cha melini. Alifanya kazi miaka thelathini ya kupaka mafuta injini za meli zinazobeba mabehewa ya treni kati ya Kisumu na Port Bell. Moreen anamsikiliza mdomo wazi.

Nikatangaza kwamba tunaanza kurekodi. Waya wa kamera ni mfupi. Soketi yetu ipo nyuma ya kabati. Ikabidi Mzee akae pembeni, goti likigusa kabati, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Aliuliza amekosa nini.

Akaanza kusimulia dhoruba ya mwaka fulani. Nikamsimamisha, uso ulikuwa gizani. Akaanza tena. Nikamsimamisha, kaseti haikuwa imekaa sawa. Akaanza tena. Bega langu likacheza nikarekodi dari. Mara ya nne Mzee alisimulia hivi: "Nilipanda meli. Nilipaka mafuta. Nilishuka. Nimezeeka. Chakula kiko wapi?"

Maneno tisa. Nimeyapata yote.

Mezani, kamera imezimwa, alimsimulia Moreen dhoruba nzima, na kuku waliotoroka kwenye behewa wakaingia chumba cha injini, na nahodha aliyeapa kuacha pombe katikati ya ziwa na kubadili nia walipoona nchi kavu. Moreen alicheka hadi uji ukamtoka puani. Nafuna alinitazama. Nikamweleza kwamba mwanga wa mezani haufai.

Ijumaa, 13 Aprili

Ijumaa Kuu. Baada ya ibada nikafanya kazi kweli. Nilimrekodi Mzee akinywa chai, Mzee akivaa viatu, Mzee akiniambia niondoe kitu hicho mbele yake. Saa tisa alikaa vizuri, akamweka Moreen kando yake, akaanza habari za mama yangu marehemu walipokutana. Umeme ukakatika.

Hakunyamaza. Aliendelea kusimulia sebuleni humo humo, mapazia yamefungwa, na nadhani ndiyo habari nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Mimi nilikuwa nimekaa na kilo kadhaa za chuma mapajani.

Nafuna alisema polepole kwamba ile ndogo ingekuwa inakwenda kwa betri yake. Nikamjibu kwamba gizani hakuna kamera inayoona. Akasema hakuwa anauliza habari za kuona.

Baadaye akaenda kwa Blandine kurudisha chekecheo. Alikaa huko saa nzima. Chekecheo gani hurudishwa kwa saa nzima?

Bega limevimba. Nimepaka dawa ya misuli. Mzee anasema nanuka kama timu ya mpira.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka. Nimepata ufumbuzi: betri ya gari. Mwenye nyumba wetu ana gari ambalo limekaa juu ya matofali tangu Moreen yuko chekechea, lakini betri yake ni nzima. Ameniazima kwa sharti kwamba naye aonekane kwenye video. Fundi wa gereji aliichaji jana.

Nilikwenda nayo kanisani. Kamera begani, betri ndani ya kikapu cha sokoni, waya umenizunguka kiuno. Watu walinipisha! Wazee wa kanisa walinyoosha tai zao. Valère alikuwa benchi la nyuma pamoja na Blandine, akaniinulia mkono kwa upole. Wivu una nyuso nyingi.

Mama mmoja wa kwaya alimwuliza Mzee kama mwanawe siku hizi yuko televisheni. Mzee akasema hapana, yuko magunia.

Kaseti ya pili imejaa. Kesho ndiyo siku kubwa. Mzee ameomba tumpeleke Port Bell, aone bandari yake mara moja kabla ya hospitali. Nitamrekodi mbele ya meli, akiwa na ziwa mgongoni. Hiyo ndiyo itakuwa kaseti ya maisha. Nikiisha kuionyesha kwa watu wawili watatu wanaotaka kuoa, basi.

Jumatatu, 16 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauinuki.

Tulifika Port Bell saa nne asubuhi. Meli moja ilikuwa gatini, mabehewa yakiingizwa tumboni mwake polepole. Mzee alivua kofia alipoiona. Alisimama nje ya uzio, akashika waya kwa vidole viwili, akanyamaza. Ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza tangu Jumatano. Nafuna alimtandikia kanga juu ya gogo, Mzee akaketi, Moreen akakaa miguuni pake.

Nikaona picha nzuri zaidi ingepatikana nikirudi nyuma, karibu na lango, ili meli yote iingie. Nikaweka kikapu chini. Nikaunganisha waya kwenye betri. Nikapiga goti, nikapandisha kamera, nikaielekeza bandarini.

Sasa nikiwaza kwa utulivu naona jinsi askari wa lango alivyoona. Mwanamume amechuchumaa karibu na bandari, gereza kubwa liko juu kidogo, ana chuma kirefu begani, na waya unaotoka humo unaingia kikapuni.

Aliniambia niweke chini hicho kitu na nisiguse waya. Watu wakarudi nyuma hatua nyingi. Nikamweleza kwamba ni kamera. Akauliza, "Hii kamela ni ya ledio gani? Nani alikupa luhusa?" Nikasema si ya redio, ni ya familia. Akaitazama kamera, akanitazama mimi, akasema familia hapana kuwa na kamera namna hii.

Nilijaribu kumwonyesha kwamba mimi ni karani wa ghala lililo mita mia mbili kutoka hapo na ananiona kila siku. Alikubali kwamba ananijua. Alisema ndiyo maana ameshangaa. Nilipandisha sauti kidogo. Labda zaidi ya kidogo. Tukaingia kibandani kwao, wakaita mkubwa, mkubwa alikuwa kwenye sikukuu, tukamngoja. Saa mbili nzima. Alipofika alifungua kikapu, akaona betri, akauliza gari liko wapi.

Wameniachilia kwa maonyo. Kamera wamenirudishia. Nilipotoka Mzee alikuwa amekwisha kusema yote aliyotaka kusema, na Nafuna alikuwa anafunga mkoba wake. Nilimwomba Mzee arudie. Alisema koo limechoka.

Jumanne, 17 Aprili

Tumemsindikiza Mzee kwenye basi asubuhi. Alimshika Moreen kichwa kwa muda. Akamwambia Nafuna asante, mwanangu. Mimi aliniambia nipake dawa bega.

Nilirudi nyumbani, nikafunga mapazia, nikatia kaseti ya kwanza kwenye deki. Picha safi! Mzee pale kwenye kabati, rangi zake zote, hata kishimo cha kidevu. Mdomo unakwenda. Nikaongeza sauti ya televisheni. Mdomo unakwenda. Nikaongeza mpaka mwisho. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio kwa sababu ya mlio wa shhhh.

Kaseti ya pili. Kwaya nzima ya kanisa, midomo wazi kama samaki.

Nimempigia Wanyama. Alisema ndiyo, kipaza sauti cha kamera hiyo kina hitilafu, ndiyo sababu alileta visikilizio. Alisema alidhani mimi ni mtu wa kutazama tu.

Zaidi ya saa tano za Mzee, na hamna hata kikohozi. Tarehe ishirini na tatu ni Jumatatu ijayo. Nimekaa kwenye kiti kando ya kabati. Sijui nitamwambia nini Nafuna. Nimewaza kusema kaseti zimeibiwa. Nimewaza kwenda Kisumu usiku huu na mashine nzima. Kisha nikakumbuka nitahitaji betri, na mwenye nyumba ameshachukua yake.

Jumatano, 18 Aprili

Nimemwambia. Nilitumia maneno mengi, ya kitaalamu. Alisubiri nimalize. Kisha akaenda mlangoni akamwita Valère.

Valère aliingia na kamera yake ndogo na waya wenye ncha tatu za rangi. Akauchomeka kwenye televisheni yetu na kutoka bila kusema lolote, hata neno moja la ushindi, jambo ambalo nimeliona kuwa la kuudhi. Kumbe ile Ijumaa Nafuna hakurudisha chekecheo tu. Alikwenda kuiazima, na Blandine alimfundisha kuiwasha kwa saa moja. Jumatatu ilikuwa ndani ya mkoba wake. Hakuna askari aliyeiona. Hata mimi sikuiona.

Mzee yuko kwenye gogo. Uzio nyuma yake, meli, ziwa. Picha inacheza kidogo, na kidole cha Nafuna kiko pembeni muda wote. Lakini sauti ipo. Ule msumeno wote.

Anamsimulia Moreen siku niliyozaliwa. Mama alikuwa kwenye nyumba za wafanyakazi, hapo hapo Port Bell, na uchungu ulimshika wakati Mzee yuko katikati ya ziwa, chini, kwenye injini. Nahodha alimpelekea ujumbe kwa karatasi kwa sababu ndani ya chumba cha injini hakisikiki kitu. Mzee anasema alipaka mafuta kila kilichozunguka, hata visivyohitaji, ili meli ikimbie. Walipofunga gatini alipanda kilima anakimbia. Masikio yalikuwa yamezibwa na injini, ilikuwa hivyo baada ya kila safari, nusu siku hasikii hata akiitwa jina.

"Nilikuwa kiziwi," anasema Mzee. "Watu wananiambia hongera, naona midomo tu. Lakini huyo mtoto nilimsikia toka nje ya mlango. Nikasema, huyu atasikika popote. Huyu sitampoteza."

Hapo, mbali, nyuma ya picha, mtu anasikika anapayuka kwamba yeye ni karani mwenye heshima zake na hiyo ni kamera ya familia. Mzee anageuka kutazama kibanda cha lango. Anamgeukia Moreen tena. Anacheka mpaka anakohoa.

"Si unamsikia?" anamwambia.

Nilimwomba Nafuna airudishe nyuma. Tumeitazama mara nne. Mara ya tatu nilikwenda dirishani kuangalia kama mvua inakuja. Haikuwa inakuja.

Jumamosi, 21 Aprili

Nafuna ameibeba kamera ya begani mwenyewe hadi Kisenyi, kwa bodaboda, akiwa ameipakata. Wanyama ameichukua na kumpa nyingine, ndogo, iliyotumika mara moja tu. Nafuna alivaa visikilizio kwanza. Aliijaribu kwa mkono mmoja. Aliuliza kaseti zake zinapatikana wapi. Dakika kumi, kazi imekwisha. Nilimsubiri nje nikitazama magunia ya mchele.

Jioni Moreen ameiwasha mwenyewe na kunirekodi nikifungua mtungi wa gesi. Wanasema ni kitu cha kuchekesha. Mimi sikuona.

Jumapili, 29 Aprili

Ndugu yangu amepiga simu kutoka Kisumu. Upasuaji umekwenda salama. Uvimbe ulikuwa wa kawaida, hakuna ubaya ndani yake. Sauti imepungua kweli. Mzee ananong'ona, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Ndugu yangu akampa simu. Nilisikia pumzi, kisha mnong'ono, akiuliza kama bega limepona. Nikasema limepona. Nikaongea sana. Alinong'ona kwamba nisipige kelele, masikio yake sasa ni mazima.

Nafuna alimwekea Moreen ile kaseti baada ya chakula, na nyumba yote ikajaa sauti ya zamani ya Mzee.

Habari nyingine njema. Leo baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba kanisa linahitaji spika, kwa kuwa watu wa nyuma hawasikii mahubiri. Akaomba mtu mwenye uzoefu wa mitambo ya kielektroniki. Niliinua mkono wa kulia kabla hajamaliza. Valère alisema, kwa upole wake ule, kwamba kwa kanisa la watu themanini visanduku viwili vya kawaida vinatosha. Anaogopa nini sasa?

Mchana huo huo nimepita Kisenyi. Wanyama anayo moja iliyokuwa uwanja wa mpira. Ameniambia mapema, bila kuulizwa, kwamba inabebwa na watu wanne na kwamba upande mmoja unakwaruza. Alitaka kuiwasha nisikie. Nikamwambia hakuna haja, naona mwenyewe ilivyo.

Nimeipima kwa hatua. Haipiti mlangoni mwa kanisa. Lakini mlango ni tofali na saruji tu, vitu vinavyobomoleka.